Biomu za dunia: somo la mtihani, na somo la kuishi pamoja



Katika toleo hili tumechagua kuandika juu ya somo la shule: biomu za dunia, ambazo wanafunzi huulizwa katika jiografia na elimu ya mazingira. Wengine watasema kwamba hilo ni jambo la walimu, si la jarida la amani. Sisi pia tulifikiri hivyo mwanzoni. Tutaeleza kwanza jinsi tulivyobadili mawazo. Kisha tutalipitia somo lenyewe hatua kwa hatua, ili kijana anayejitayarisha alishike vizuri, na mzazi au kiongozi aweze kumsaidia.

Swali la kijana mmoja

Miaka michache iliyopita tuliitwa katika kijiji kimoja cha milimani huko Kivu, ambako familia nyingi zilizohama kwa vita zilipokelewa na wenyeji. Kulikuwa na ugomvi wa kuni. Mama mmoja aliyehama alikutwa akikata mikalitusi michanga katika shamba la mwenyeji. Alinyang'anywa panga na kamba yake, na siku iliyofuata vijana wa pande mbili walirushiana mawe kwenye chemchemi. Shefu wa kijiji na kamati ya waliohama walitaka tuwasaidie kuketi pamoja kabla damu haijamwagika.

Tulipokuwa tunangoja watu wakusanyike, tuliona wanafunzi saba wa mwaka wa sita wameketi kando ya shule, wakisoma daftari moja. Wanne walikuwa wakimbizi wa ndani, watatu walikuwa wenyeji. Madaftari mengine yalibaki katika nyumba zilizokimbiwa usiku. Walikuwa wanajitayarisha kwa Mtihani wa Serikali, ule ambao sote tunauita Eksetat. Mmoja wao alikuwa mtoto wa mama yule wa kuni. Alitutazama akasema: "Hapa wanauliza ni biomu gani isiyo na miti, ambayo ardhi yake imeganda mwaka mzima. Siberia inanisaidia nini mimi, wakati mama yangu hana kuni za kupikia bugali?"

Siku hiyo hatukuwa na jibu zuri. Tulimwambia tu kwamba swali lile lina pointi zake, na kwamba pointi zinamsaidia mtu kupata diploma. Lakini maneno yake yalitufuata njiani hadi mjini. Kadiri tulivyofikiri, ndivyo tulivyoona kwamba somo la biomu na ugomvi wa kuni vina mzizi mmoja: kila ardhi ina namna yake ya kulisha viumbe wake, na asiyeijua namna hiyo ataiharibu bila kutaka, kisha atagombana na jirani juu ya kile kilichobaki.

Biomu ni nini?

Biomu ni eneo kubwa la dunia lenye tabianchi ya aina moja, na kwa sababu hiyo lina mimea na wanyama wanaofanana kwa namna yao ya kuishi. Hatusemi kwamba ni wanyama wale wale. Tumbili wa msitu wa Kongo si tumbili wa msitu wa Amazonia kule Brazili. Lakini wote wawili wanaishi juu ya miti mirefu yenye majani mabichi mwaka mzima, kwa sababu misitu hiyo miwili inapata joto na mvua kwa namna moja.

Mwanafunzi asichanganye maneno matatu:

- Hali ya hewa ni jambo la leo au la wiki hii: mvua ya asubuhi, jua la mchana.
- Tabianchi ni desturi ya hali ya hewa ya mahali, ikihesabiwa kwa miaka mingi, kwa kawaida miaka 30.
- Ekosistemu ni viumbe pamoja na mazingira yao mahali pamoja, hata kama ni padogo kama kidimbwi. Ndani ya biomu moja mna ekosistemu nyingi.

Mambo mawili ndiyo yanayoamua zaidi ni biomu gani itakuwa mahali fulani: joto na mvua. Baada ya hayo yanakuja mengine, yaani urefu wa kiangazi, mwinuko wa ardhi, aina ya udongo, moto, na mikono ya watu.

Kwa nini zimepangwa hivyo duniani?

Mama akichemsha maji ya bugali na kufunika sufuria, mvuke unapanda, unagusa kifuniko kilicho baridi zaidi, unageuka matone, matone yanaanguka. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwenye Ikweta. Jua linapiga karibu wima mwaka mzima. Hewa yenye joto na unyevu inapanda, inapoa huko juu, na mvua inaanguka pale pale. Ndiyo maana kwenye Ikweta kuna misitu mizito: Kongo, Amazonia, na visiwa vya Indonesia.

Hewa hiyo ikiisha kumwaga maji yake inasambaa kuelekea kaskazini na kusini. Inashuka tena karibu na nyuzi 30 za latitudo, ikiwa kavu. Hewa inayoshuka haileti mvua. Kwa hiyo Sahara iko kaskazini kwetu, na Kalahari iko kusini kwetu. Kati ya msitu na jangwa kuna savana, mahali ambapo mvua inakuja kwa msimu na kuondoka.

Ukizidi kwenda mbali na Ikweta, miale ya jua inafika kwa kulala, na joto linapungua. Huko ndiko ziliko biomu za majira manne, na mwishoni kabisa biomu za baridi kali karibu na ncha za dunia.

Biomu nane za kushika kichwani

*Msitu wa mvua wa tropiki.* Joto la wastani ni karibu nyuzi 25 kila mwezi, na mvua kwa kawaida inazidi milimita 1500 kwa mwaka. Msitu wa Bonde la Kongo ni wa pili kwa ukubwa duniani baada ya Amazonia, na zaidi ya nusu yake iko katika nchi yetu. Okapi hapatikani porini ila katika misitu ya Kongo yetu. Hifadhi ya Salonga, iliyoanzishwa mwaka 1970, ni hifadhi kubwa kuliko zote za msitu wa mvua barani Afrika. Katika bonde lile lile kuna ardhi ya majimaji iliyojaa mabaki ya mimea yasiyooza, inayoitwa peti. Ramani yake ya kwanza ilitolewa mwaka 2017, ikionyesha eneo la karibu kilomita za mraba 145,500 katika Kongo mbili, lenye kaboni kiasi cha tani bilioni 30 hivi. Kaboni hiyo ikibaki chini haidhuru mtu. Maji yakikaushwa au peti ikiungua, inapanda angani na kuongeza joto la dunia nzima.

*Savana.* Nyasi ndefu zenye miti hapa na pale, mvua za msimu, na kiangazi kirefu. Kwetu tunaiona katika hifadhi ya Garamba kaskazini na katika uwanda wa Rwindi ndani ya Virunga. Kusini, upande wa Katanga, kuna misitu ya miombo, yenye miti inayopoteza majani wakati wa kipwa. Moto ni sehemu ya maisha ya savana, lakini moto unaorudi kila mwaka kwa wakati mbaya unaua miche yote.

*Jangwa.* Mvua chini ya milimita 250 kwa mwaka. Sahara ina karibu kilomita za mraba milioni 9. Mimea yake ina mizizi mirefu au inahifadhi maji katika shina.

*Vichaka vya Mediterania.* Mvua inakuja wakati wa baridi, na kiangazi kinakuja wakati wa joto. Vinapatikana kando ya bahari ya Mediterania, Cape kule Afrika Kusini, California, Chile ya kati na kusini mwa Australia. Majani ni magumu na madogo, kama ya mzeituni, ili yasipoteze maji.

*Stepi, yaani nyika za majira manne.* Nyasi bila miti mingi, joto wakati wa kiangazi na baridi kali wakati wa majira ya baridi. Ukraine, Kazakhstan, pampa za Argentina na prairi za Marekani zimo humo. Udongo wake mweusi ni kati ya udongo wenye rutuba zaidi duniani, ndiyo maana unga mwingi wa ngano wa dunia unatoka huko.

*Msitu wa majani yanayopukutika.* Ulaya, mashariki ya Marekani, sehemu za China na Japani. Miti inaangusha majani kabla ya majira ya baridi na kuyaotesha tena joto linaporudi.

*Taiga.* Msitu wa misonobari na jamaa zake wenye majani kama sindano, katika Urusi, Kanada na nchi za kaskazini mwa Ulaya. Hii ndiyo biomu kubwa kuliko zote za nchi kavu. Majira ya baridi ni marefu, na umbo la miti hiyo linasaidia theluji kuteleza bila kuvunja matawi.

*Tundra.* Hakuna miti. Ardhi ya chini imeganda mwaka mzima, na ni tabaka la juu tu linaloyeyuka kwa majuma machache. Mizizi ya mti haiwezi kuingia, basi kuna kuvumwani, nyasi fupi na vichaka vinavyotambaa. Iko kaskazini kabisa mwa Siberia, Kanada na Alaska. Hili ndilo jibu la swali la kijana wetu.

Kuna pia biomu za maji: bahari, mito, maziwa na mabwawa. Tunaoishi kando ya Tanganyika tukumbuke kwamba ni ziwa la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal kule Siberia. Kina chake kinafika karibu mita 1470.

Ngazi iliyo nyumbani kwetu

Wanafunzi wengi wanadhani kwamba biomu za baridi ni hadithi za mbali. Lakini mkaaji wa mashariki ya Kongo ana ngazi karibu yake. Kanuni ni hii: ukipanda mita 1000, joto linapungua kiasi cha nyuzi 6.

Tufanye hesabu. Kisangani iko kwenye mita 400 hivi, na joto lake la wastani ni karibu nyuzi 25. Goma iko kwenye mita 1500 hivi. Tofauti ya mwinuko ni mita 1100, kwa hiyo joto linapungua kwa nyuzi 6 na nusu, tunapata kati ya 18 na 19. Wastani halisi wa Goma hauko mbali na hapo. Sasa tupande hadi Margherita, kilele cha Ruwenzori chenye mita 5109. Kutoka Goma ni mita 3600 zaidi, yaani nyuzi 21 au 22 chini. Tunafika chini ya sifuri, na kweli huko juu kuna barafu, ingawa Ikweta iko karibu sana.

Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, inabeba ngazi hiyo yote ndani ya kilomita za mraba 7800 hivi. Chini, katika bonde la Semuliki, kuna msitu wa tambarare unaoungana na ule wa Kongo. Rwindi ni savana ya viboko na nyati. Ukianza kupanda Ruwenzori unapita msitu wa mlima wenye ukungu, kisha mianzi kuanzia karibu mita 2500. Juu ya mita 3000 unakuta vichaka vya mierika vilivyofunikwa na kuvumwani, halafu senesio na lobelia ndefu kuliko mtu, ambazo hupigwa na jua mchana na kugandishwa na baridi usiku. Mwisho ni mawe na barafu.

Barafu hiyo inaisha. Tangu Luigi Amedeo, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, alipofika kileleni mwaka 1906, sehemu yake kubwa mno imeyeyuka. Hiyo inatuonyesha kwamba mipaka ya biomu haikuchorwa mara moja tu. Tabianchi ikibadilika, mipaka inasogea.

Mwanafunzi aseme wazi katika mtihani kwamba kilele cha mlima wa tropiki kinafanana na tundra, lakini si tundra kamili. Huku kwetu mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima. Kule kaskazini kuna majuma ambayo jua halichomozi kabisa.

Mitego ya mtihani

Maswali ya Eksetat yana majibu kadhaa ya kuchagua, na jibu la uongo mara nyingi linafanana na la kweli. Tuangalie mitego ambayo tumeona vijana wakinaswa nayo:

1. "Jangwa ni mahali pa joto." Si lazima. Jangwa linajulikana kwa ukosefu wa mvua. Antaktika ni jangwa la baridi, tena ni kubwa kuliko Sahara.
2. "Msitu mkubwa una udongo wenye rutuba nyingi." Mara nyingi si kweli. Katika msitu wa mvua chakula kiko ndani ya mimea yenyewe na katika majani yanayooza haraka. Udongo wa chini umeoshwa na mvua.
3. Savana na stepi. Zote ni nyasi, lakini savana ina joto mwaka mzima, na stepi ina majira ya baridi kali.
4. Taiga na tundra. Taiga ina miti, tundra haina. Sehemu za taiga ya Siberia nazo zina ardhi iliyoganda chini, kwa hiyo soma swali lote kabla ya kujibu.

Namna ya kusoma bila vitabu

Tunajua kwamba wengi wenu hamna kitabu, taa wala mahali pa utulivu. Wanafunzi wale saba walitufundisha mbinu ambazo tumezipeleka kwingine.

Walichora ramani ya dunia chini, kwa kijiti, wakaweka mstari wa Ikweta kwa kamba. Mawe yalikuwa majangwa, majani mabichi misitu, nyasi kavu savana, majivu tundra. Kila mmoja alipewa biomu moja ya kuwafundisha wenzake, kwa kujibu maswali matatu tu: Joto likoje? Mvua ikoje? Basi mimea imefanyaje ili iishi? Mwenye kujibu matatu hayo hana haja ya kukariri ukurasa mzima, kwa maana jibu la tatu linatoka katika yale mawili ya kwanza.

Walikuwa pia wakiulizana maswali wakienda kuchota maji, kila bidoni swali moja. Na kwa kuwa mtihani unaandikwa kwa Kifaransa, walijifunza kila neno kwa lugha mbili, Kiswahili ili waelewe, na Kifaransa ili wajibu.

Wazazi ambao hamkusoma, msijione wageni katika somo hili. Muulizeni mtoto yale maswali matatu juu ya kijiji mlichotoka. Ninyi mnajua majibu kuliko yeye.

Somo hili na ugomvi wetu

Vita vinapohamisha familia, mara nyingi vinaitoa katika ardhi moja na kuitupa katika ardhi nyingine. Aliyezaliwa katika msitu wa Walikale amejifunza kwa wazazi wake kukata sehemu, kuchoma, kulima misimu miwili au mitatu, kisha kuiacha ardhi ipumzike miaka mingi. Hilo si uvivu wala uharibifu. Ni akili inayofaa udongo wa msitu, ambao unalishwa na majivu kwa muda mfupi tu. Lakini familia hiyo ikifika kwenye miteremko ya Masisi au Kalehe, ambako watu wamebanana na hakuna nafasi ya kuacha shamba lipumzike, kuchoma kule kule kunaacha mteremko wazi, na mvua inabeba udongo hadi mtoni. Mwenyeji anaona adui anayemharibia urithi. Mgeni naye anaona mwenyeji mwenye roho mbaya. Wote wawili wanasema kweli juu ya ardhi wanayoijua.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunaongeza kwamba anayempa jembe amwonyeshe na udongo.

Mfano mwingine uko katika teritwari ya Fizi. Wakati wa kiangazi wafugaji wa nyanda za juu huteremsha ng'ombe kutafuta majani, hadi pande za Lulenge na Ngandja. Nyasi za juu zimekauka na zile za chini bado zipo: hiyo ni sheria ya mvua na mwinuko, si mpango wa mtu. Lakini ng'ombe wakipita katika mihogo ya mkulima, sheria ya mvua inageuka kesi, na kwa silaha zilizopo kesi inageuka vita. Ndiyo maana mahali ambapo viongozi wa pande zote wameketi mapema kupatana njia za ng'ombe, tarehe za kushuka, na malipo ya kimila yanayoitwa itulo, hatari inapungua. Ratiba ya mvua inajulikana kabla. Basi na mazungumzo yafanyike kabla.

Tukija kwenye kuni, tukumbuke mwaka 1994. Mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliwekwa kandokando ya Virunga, na hadi kambi zilipofungwa mwaka 1996 maelfu ya watu waliingia hifadhini kila siku kutafuta kuni. Virunga iliandikwa mwaka ule wa 1994 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Hatulisemi hili ili kuwalaumu waliokimbia. Mtu mwenye sufuria tupu atakata kilicho karibu. Lililokosekana ni mtu wa kupanga kuni kama wanavyopanga unga na maji. Miaka ya baadaye, kuanzia 2007, mradi wa ÉcoMakala ulifuata njia nyingine, ule wa kuwasaidia wakulima wadogo kando ya hifadhi kupanda miti ya makala katika mashamba yao wenyewe.

Na hapa hesabu ya ngazi inarudi. Palipo juu na baridi, mti unakua polepole. Msitu wa mlima uliokatwa kwa mwezi mmoja hautarudi katika maisha ya mkataji. Mkalitusi nao unahitaji miaka kadhaa kabla haujafaa kukatwa. Ukiachwa ukomae, kisiki chake kinachipua tena. Ukikatwa ungali kijiti, mwenye shamba amepoteza miaka yake, na aliyeukata amepata moto wa chungu kimoja.

Yaliyotokea kijijini

Tuliketi mara tatu. Katika kikao cha pili, shefu wa kijiji alikubali wale wanafunzi saba waeleze mbele ya wote jinsi mti unavyokua mahali pa baridi, na kwa nini mashamba ya msituni yanalimwa namna nyingine. Wazee walicheka kidogo walipoona ramani ya mawe na majivu, lakini walisikiliza. Mama wa kuni alipewa nafasi ya kusema. Alieleza kwamba kwao Walikale hakuna aliyewahi kumkataza mtu kuni, kwa sababu kuni zilikuwa kila mahali. Mwenye shamba alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba hakuwa anajua kama kuna nchi ya namna hiyo karibu hivyo.

Panga lilirudishwa. Walipatana siku mbili kwa juma za kuokota matawi makavu pamoja, wenyeji na wageni, na pepinyeri moja ya miche ikalimwa na pande zote mbili. Akina mama walijifunza kufinyanga babula za udongo zinazokula kuni kidogo. Hatutasema kwamba yote yalikwenda sawa. Siku za kuni zilivunjwa mara kadhaa, na familia nyingine zilihama tena kabla miche haijafika magotini. Lakini mawe hayakurushwa tena kwenye chemchemi.

Kijana aliyetuuliza juu ya Siberia hakufaulu mwaka ule. Familia yake ilihama tena, akarudia mwaka wa sita katika mji mwingine, na baadaye alitupigia simu kusema kwamba amepata diploma. Tulimwuliza kama swali la tundra lilikuja. Alijibu kwamba halikuja, lilikuja la savana, na alilijibu kwa yale maswali matatu.

Maswali ya kuzungumzia katika kamati, kanisani, msikitini au shuleni

1. Familia zilizo kati yetu zimetoka katika ardhi za namna gani? Je, tumewahi kuwauliza walivyokuwa wakilima na kupika huko?
2. Ni miti gani hapa inayoruhusiwa kukatwa, na ni nani aliyewaeleza wageni jambo hilo?
3. Ratiba yetu ya mvua na kiangazi inaleta ugomvi gani kila mwaka? Tunaweza kuketi mwezi gani kabla haujaanza?
4. Je, wanafunzi wetu wa mwaka wa sita, wenyeji na waliohama, wana mahali pamoja pa kusomea? Ni nani anaweza kuwapa mwanga wa saa mbili jioni?

Viongozi wapendwa, swali hili la nne linaonekana dogo. Tunawaomba mlianze hilo kwanza.